Maji ya Kangaga

Mke wangu alilichimbua kangaga lile ukingoni mwa kijito kijijini Miti, kwa mama yake. Lilikuwa na vijiti vyeusi, vyembamba kama nywele, na majani madogo yaliyotetemeka mtu akipita tu. Mimi nilifua nguo kwa Wazungu wa mtaa wa Nguba, na madamu wangu alikuwa na la aina hiyo sebuleni, akiliita kapilere. Nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza:

“Papa, ile majani tunakanyagaka tukienda kuteka maji, njo bazungu banaweka mu salon?”

Kisha akaleta lake, akalipanda katika mkebe wa mafuta, akauweka kando ya mtungi, mbali na jiko. Udongo haukukauka hata siku moja mikononi mwake.

Homa ikamchukua. Watu wakajaa nyumbani, tukawasha moto wa kilio, ambao kwetu hauzimwi mpaka siku ya kunyoa nywele, matanga yanapoisha. Nilipoona moshi unalifunika kangaga, nililipeleka nyuma ya nyumba na kulimwagia maji yote yaliyobaki mtungini. Bado nilikuwa nimeinama pale mama mkwe alipofika, kwa miguu, kutoka Miti.

“Munipatie maji kidogo,” alisema.

“Imeisha, mama,” nilijibu nikitazama chini, maana mkwe hatazamwi usoni.

Shangazi yangu hakujua kufunga mdomo. “Imeisha? Na ile mukebe inatona maji, njo yenyewe imefiwa?”

Wengine walicheka. Mama mkwe hakucheka.

“Mutoto yangu alikuwa anaanzaka na mugeni ao na majani?”

“Na mugeni, mama.”

Bomba lilikuwa chini ya kilima, na foleni yake ndefu. Kabla aliyetumwa maji hajarudi, mama mkwe aliingia ndani akamlilia binti yake kwa koo kavu. Sauti ile ilikwaruza. Ningali naisikia.

Tangu hapo sikuugusa mkebe. Niliona haya hata kupita karibu nao. Siku ya kunyoa, vichwa vyetu vikiwa vyeupe, mama mkwe alizunguka nyuma ya nyumba akakuta majani yamekauka, yakivunjika kama maganda ya kitunguu.

“Na hii, uliiacha ikauke juu ya nini?”

“Nilisikia haya, mama.”

“Haya haizimake kiu.”

Aliomba wembe uleule uliotunyoa, akakata vijiti vyote mpaka kwenye udongo. Nilikimbia kuteka maji, nikampa kikombe kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Alimimina kwanza mkebeni, polepole, akizungusha kikombe. Yaliyobaki chini ndiyo aliyokunywa. Akajifunga kitenge, akashika njia ya Miti.

Kangaga lilichipua, ncha zake zimejikunja, nywele zangu nazo zikiwa fupi bado. Nililitazama asubuhi moja na furaha ikanijia, nikaionea aibu. Nilichukua mtungi, nikashuka bombani kuteka kwanza maji ya wageni, kisha ya kangaga.