Siku Mama Alipokuja Uwanjani

Uwanja wa kijijini kwetu Mamba ulichongwa kwa jembe. Milimani kwetu ukitaka pa kuchezea mpira lazima ukate mlima, na ule ulikatwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba ikitoa mtu na jembe lake. Hata hivyo ulibaki umeinama. Mpira ukitoka upande wa chini, mliufuata kwenye mashamba ya tangawizi na mlirudi mkitukanwa na wenye mashamba. Nilijifunzia pale, msichana peke yangu kati ya wavulana.

Siku hizo mama hakukosa mechi. Alikuwa akitoka shambani anaketi kwenye tuta la juu, kikapu kando, anamkaripia refa ambaye alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Nikipata mpira nilimsikia yeye kabla ya wote. Sauti ile nimeitafuta katika kila uwanja niliocheza baadaye.

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Sikumbuki chochote zaidi ya kuamka na mchanga mdomoni, mama amenipakata katikati ya uwanja. Watu wakasema nimejikwaa. Uwanja ulikuwa na mawe na kila mmoja wetu alikuwa na kovu lake, kwa hiyo hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha msaragambo.

Jambo hili huwa linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Kijiji kizima kilitoka asubuhi na majembe na sururu kung'oa mawe ili mtoto wa watu asianguke tena. Wanawake walipika makande ya kutosha harusi. Mama alibeba mawe kuwashinda wanaume, na kila alilolitupa bondeni alilisindikiza kwa maneno, kama vile ndilo lililoniangusha. Jioni uwanja ulikuwa safi kuliko uwanja wa kanisa.

Kwenye mechi iliyofuata nikaanguka tena, mbele ya watu walewale, mahali ambapo hata kifaranga asingejikwaa. Safari hii waliona povu, waliona miguu ikipiga ardhi. Mtu akasema ni kifafa, na wote wakarudi nyuma, kwa sababu waliamini ukimgusa anayeanguka ugonjwa unahamia kwako. Mama peke yake ndiye aliyekuja. Alinibeba mgongoni, mkubwa vile, akanipandisha nyumbani.

Tangu siku ile hakuja tena kunitazama. Kunizuia hakunizuia. Hospitalini Same daktari alinipa vidonge na kusema nikivinywa kila siku na kulala vya kutosha, nitacheza. Mama akakubali, akaninunulia hata viatu vya mpira. Lakini nikiwa na mechi yeye alikwenda kupalilia tangawizi, hata kama palizi ilikwisha jana yake. Nilimkasirikia sana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, huwaka na kuzimika, ila hiyo haikuzimika.

Mpira ukanipeleka sekondari, ukanipeleka klabu Dar es Salaam, na mwisho timu ya taifa. Kambini niliwaambia wenzangu siku ya kwanza, kwa sauti, kabla hawajaanza kunong'ona: mimi naanguka, nikianguka nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, na msinikimbie. Wiki haikuisha nikaanguka mazoezini. Nilipozinduka kulikuwa na jezi ya mtu chini ya kichwa changu, na beki wetu wa kati, dada mmoja aliyekuwa akinikanyaga mazoezini bila huruma, alikuwa amenishika bega.

"Umetukosesha chai, wewe," akaniambia.

Nililia kama mtoto. Walidhani naumwa kichwa. Nilikuwa natamani mama awepo, aone kwamba kuna mtu mwingine duniani amenishika.

Kila wimbo wa taifa ulipopigwa nilikuwa naangalia jukwaani. Mama za wenzangu walikuwepo, wamejifunga bendera, wanapiga vigelegele hata kwa mpira wa kurusha. Mimi nilikuwa na simu. Baada ya mechi nilipiga, naye aliuliza maswali yaleyale: "Umekunywa dawa? Umelala?" Nikimwambia tumeshinda, anasema, "Haya mwanangu, kapumzike." Hakuwahi kuuliza nani kafunga. Mara nyingi nilikuwa mimi.

Miaka ikaenda, na kilichonichosha hakikuwa kifafa, bali magoti. Klabu yangu ilipopata mechi ya kirafiki Same mjini, nilijua ni mojawapo ya mechi zangu za mwisho, na nilijua sitapata uwanja mwingine wa karibu na nyumbani kama ule. Nikampigia mama.

"Njoo mara moja tu," nikamwambia. "Magoti yanaisha, mama. Baada ya hapa hakutakuwa na cha kuja kuona."

Akasema, "Hilo gari la asubuhi bado linapitia Ndungu?"

Alikuja na jirani yetu, mwanakwaya mwenzake, wote wamevaa vitenge vya Jumapili. Niliwaona wakiketi karibu na mstari, na miguu yangu ikasahau magoti. Vumbi la Same lilikuwa linapiga vilevile, milima imesimama nyuma yake, nami nilicheza kama ambavyo sijawahi kucheza mbele ya rais wala balozi. Kipindi cha pili beki wao alijichanganya, nikamnyang'anya mpira, nikampiga chenga kipa, nikafunga. Uwanja mzima uliinuka.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikimbilia kwao.

"Shikamoo mama. Umeliona goli?"

"Marahaba," akasema. Akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

Jirani akacheka. "Goli gani? Watu walipoinuka, mama yako kaniuliza kuna nini."

"Nilikuwa naangalia mkono," mama akasema.

Nikaelewa. Kabla sijaanguka mkono wangu wa kushoto hutangulia, vidole vinachezacheza kama vinavuta uzi. Mama ndiye aliyeligundua hilo, na kwa mechi nzima hakuangalia kitu kingine.

"Hujaanguka," akasema, na furaha aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona kwenye jukwaa lolote. Nami nilikuwa nimelitamani lile goli kwa ajili yake, na lilikuwa limeshapita.

Tulikaa kwenye mabegi ya timu. Nikaanza kumweleza: beki alivyopiga fyongo, kipa alivyotoka. Nilieleza kwa mikono, ndivyo nilivyo. Alikuwa anaitikia, "Ehe, ehe," lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye ule wa kushoto, yanaufuata kila ulikokwenda.

Nikauchukua mkono ule nikauweka mapajani pake. Akaufunika kwa mikono yake miwili, akaushika sawasawa, ndipo akainua uso na kuniangalia.

"Haya," akasema. "Huyo beki alikuwa amesimama wapi?"