Maji ya Mama Kahindo

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, katika miaka ile ya Zaïre, nilipokuwa msichana wa Birere, mtaa wa mjini kule chini karibu na ziwa, mwenye haja moja tu moyoni: kuwa sista. Jumamosi sote tulikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya kufagia barabara. Jumapili, baada ya misa, nilipanda hadi Munigi, kijiji cha mlimani juu ya mji, kufundisha watoto sala. Padri alikuwa ameniambia wazi kwamba hatanipeleka kwa masista kabla ya kusikia neno la Mama Kahindo, mjane aliyeongoza shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo, kule. Kwa hiyo nilitaka sana anipende.

Nilifika kwake nimechoka, vumbi jeusi la volkano limenipanda hadi magotini. Akaniletea maji katika sufuria ndogo, pamoja na kikombe. Nilikunywa huku nikimweleza jinsi nitakavyowahudumia maskini maisha yangu yote. Nilisema vizuri, hata mwenyewe nilifurahi kujisikia. Kisha, bila kukatiza maneno, nikainama nikanawa miguu kwa maji yaliyobaki.

Mama Kahindo aliyatazama yakipotelea kati ya mawe.

“Umekunywa, mutoto, Mungu asifiwe,” akasema. “Lakini umenawa miguu na maji ya nani?”

“Yako, mama. Si umenipa?”

“Nilikupa ya kunywa. Ile ingine ilikuwa ya kuogesha mutoto mwenye alizaliwa humu ndani jana.” Halafu akacheka kidogo. “Weye ni sista wa kando ya ziwa! Kule kwenu munaoga hata mara mbili. Sasa utahudumia maskini gani, na hawa wa hapa hauwaone?”

Munigi haina chemchemi, mwanangu. Mvua ikikoma, maji hupanda kutoka ziwani juu ya vichwa vya wanawake. Nilijua hayo tangu utoto. Niliyajua tu.

Nikaomba bidon, dumu la kuchotea maji, nikashuka hadi ziwani, nikapanda tena, shingo imekakamaa. Jua lilikuwa linazama mtoto alipoogeshwa. Nikadhani yamekwisha, nikamwuliza kama atanisemea kwa padri.

“Bado,” akajibu. “Kila magaribi ujiulize: leo nimetumia maji ya nani? Ukishazoea, tutaongea.”

Nilijiuliza. Jioni za kwanza jibu liliniuma: nilikuwa nimetumia usingizi wa mama yangu, mikono ya mdogo wangu, subira ya jirani, na sikuwa nimemshukuru yeyote. Polepole nikaanza kuona mapema, kabla ya jioni kufika.

Kiangazi kilichofuata padri alimwuliza habari zangu. Mama Kahindo alimwambia hivi tu: “Sasa, mbele ya kumwaga maji, anaangalia kwanza.” Kwa neno hilo nilipokelewa, na kilemba hiki cha usista nimekivaa hadi nywele chini yake zimekuwa nyeupe. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyo kila siku.

Basi, mwanangu, tamani jambo kubwa la kuishi kwa ajili yake, wala usilionee haya. Lakini jioni keti kimya mbele ya Mungu, uitazame siku yako, uone hayo unayoyatamani yamemfikia nani, na yamemgharimu nani. Kesho yake urekebishe kidogo, bila kukata tamaa.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie nawe. Akupe macho ya kuona watu, na kila nyumba utakayoingia ibaki na maji baada yako. Amina.