Kidole Kwenye Jani la Sindano

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nimechanganya, mafuriko yalikuja baadaye. Ulikuwa mwaka ule duka lilipoezekwa upya, na mimi nilikuwa napiga pasi kwa dada mmoja fundi cherehani, tuliyemwita Sindano kwa wembamba wake.

Dirishani alikuwa na mmea ndani ya kopo la rangi. Tuliuita nyamanene. Majani yake manono kama masikio ya mtoto mchanga, yamejaa maji, na juu yake unga mweupe wenye ubuluu kidogo. Wateja walimtania, "Sindano, chakula chako anakula huyu?" Naye hucheka, uzi mdomoni. Lakini unga ule ukitoka haurudi. Ukigusa jani, alama yako inabaki mpaka jani life, na majani ya nyamanene hayana haraka ya kufa.

Binti yake wa pekee aligusa moja, la chini, siku aliyojifunza kusimama kwa kushika ukingo wa dirisha. Kidole gumba, mistari yote inaonekana. Sindano alimgombeza kidogo. Homa ilipomchukua mtoto, hatukuwa na picha yake hata moja. Kilichobaki ni jani lile. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alilitazama, mikono kaiweka nyuma asije akaligusa.

Basi mama mkwe wake akaja kumsaidia kazi. Mama wa watu, macho yameingia ukungu, mikono haijui kutulia. Na kwa mafundi kila kitu kina chaki: meza, viti, hata nyusi zetu, jioni lazima tupanguze. Siku moja mimi na Sindano tulikwenda kununua vifungo. Tuliporudi, mama alikuwa ameshaupanguza nyamanene kwa kitambaa cha maji, jani kwa jani, kwa upendo kabisa. Unang'aa kijani kama chupa.

"Chaki ilikuwa imeukaba, mwanangu," akasema. "Sasa utapumua."

Sindano alisimama.

"Ahsante, mama," akasema. "Umependeza."

Akaketi kutunga uzi. Uzi ukakataa tundu, mpaka nikamtungia mimi.

Mama mkwe alifariki bila kujua. Hata baada ya hapo, kila asubuhi nilimkuta Sindano pale pale dirishani, mikono nyuma, ameliinamia lile jani la chini. Siku moja nilimuuliza, taratibu: dada, sasa unatazama nini?