Mkata Karatasi na Makoti ya Theluji

Mkata karatasi wa hapa kwetu Saanen, katika milima ya Uswisi, ni mama atumiaye mkasi mdogo kama wa kukatia kucha. Mkono wenye mkasi hutulia, na ule wa kushoto ndio huizungusha karatasi nyeusi, mpaka watokeze ng'ombe wakipanda malishoni na kengele ndogo kuliko punje ya mtama. Huimba chinichini akikata, na vipande vyeusi hunasa kwenye sweta yake hadi kanisani. Katika maonyesho yetu ya kila majira ya baridi, ukumbi hupewa wachoraji wa miraba myekundu na wachomeleaji wa vyuma vikuukuu. Picha zake hutundikwa ujiani, kando ya vigingi vya makoti, kwa sababu kamati, ambayo ni ya wanaume tu, huiita kazi yake mapambo. Nimeupinga uonevu huo katika kila mkutano, bila mafanikio. Mwaka huu theluji ya makoti iliyeyukia fremu yake, na maji yakaanza kupenya chini ya kioo. Aliyakumbatia makoti yote, akaingia ukumbini akiimba, akayatundika moja moja kwenye sanamu ya chuma ya mchomeleaji Raaflaub.

“Mama, hiyo ni sanaa!” alifoka mwenyekiti Perreten.

“Na ni chuma, mwanangu. Yangu ni karatasi.”

Raaflaub alicheka hadi akashika mbavu. “Mwacheni! Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuielewa.”

Mwenyekiti aliliona koti lake kileleni likichuruzika, akaenda kuleta nyundo na msumari.

“Ukuta upi, mama?”

“Ule wenye mwanga,” alijibu, akarudi kufuta kioo.