Salamu za Daktari Kasyoka kwa Mnara

Kasyoka alikuwa daktari wa mifugo kule Kyuso, na kama kuna kitu alichopewa bila kipimo, ni maneno. Alizungumza akimdunga mbuzi sindano, akazungumza akinawa mikono, na mbuzi alipoachiliwa akaendelea kuzungumza na mwenye mbuzi mpaka jamaa akashtuka kwamba mbuzi wake ameshavuka barabara na kuingia katika shamba la pojo la mtu.

Urubani alijifunza kwa sababu ya chanjo. Shirika moja lilikuwa na ndege ndogo ya viti vinne ya kubeba dawa za mifugo, na rubani wake alikuwa Abdiwahab, mzee mrefu mwembamba wa Garissa ambaye maneno yake yalikuwa machache kama maji ya kiangazi. Mgongo wa Abdiwahab ulipoanza kulalamika, shirika likaitisha mkutano kuuliza nani kati ya wafanyakazi angependa kujifunza kurusha ndege. Swali halijafika mwisho, Kasyoka alikuwa ameshainua mkono. Alikuwa na miaka thelathini na nane, mume mmoja, na pikipiki iliyomchosha.

Miaka mitatu baadaye alikuwa na leseni, na kusema kweli ndege aliijua. Upepo wa mchana wa Kyuso, ule unaoinua vumbi na mifuko ya plastiki mpaka mawinguni, haukumtisha hata kidogo. Shida ilikuwa moja tu. Kaskazini mwa Kitui anga haina mwenyewe. Unasema redioni uko wapi na unaelekea wapi, anayesikia anasikia, halafu unaangalia tai wasikugonge. Lakini chanjo zilikaa katika bohari baridi jijini Nairobi, na anga ya jijini ina wenyewe. Kuna mtu ameketi mnarani na redio yake, na bila neno lake huingii, hupandi, hushuki wala huvuki. Shirika lilisema Kasyoka hatakwenda huko peke yake mpaka Abdiwahab ampime na kuridhika.

Kwa hiyo siku moja asubuhi walikwenda kufanya mazoezi. Redioni hutumika Kiingereza, lakini Kiingereza cha Kasyoka kilikuwa Kikamba kilichovaa suti, na maana yake ilikuwa hii:

"Mnara, hamjambo huko? Mmeamkaje? Hapa ni Daktari Kasyoka, natoka Kyuso. Sisi hatujambo, ni jua tu. Mvua ya Novemba ilitupita mkono wa kulia ikaenda kwa watu wengine. Niko na Mwalimu Abdiwahab, anawasalimu pia..."

Abdiwahab hakuwa amemsalimu mtu yeyote.

"Kituo kinachoita, subiri," sauti ikajibu.

Kasyoka akatabasamu, akaendelea mbele moja kwa moja.

"Unaenda wapi?" Abdiwahab akauliza.

"Si amesema nisubiri?"

"Ndiyo. Unaenda wapi?"

"Mwalimu, kwetu ukibisha kwa mtu akasema subiri, unaingia uani, unavuta kigoda, unasubiri ukiwa ndani. Ukisimama nje ya ua watasema umekuja kuloga."

"Huku, subiri ni subiri nje. Geuza ndege."

Akageuza, lakini amechelewa. Sauti ya mnara ikarudi, safari hii imekunja uso. "Ndege iliyoingia kutoka mashariki, nani amekuruhusu?"

"Wewe," Kasyoka akajibu kwa heshima.

Walitolewa nje, wakazunguka juu ya mabati ya kiwanda fulani kwa dakika kumi na mbili, kisha wakaruhusiwa. Ndege yao kwenye redio iliitwa Kilo Mike. Bahati mbaya, asubuhi hiyo kulikuwa na nyingine iliyoitwa Mike Kilo. Mnara ukasema, "Mike Kilo, shuka hadi futi elfu saba." Kasyoka, ambaye tangu shule ya msingi pale Migwani alikuwa anajibu hata maswali ya mtoto wa dawati la nyuma, akabonyeza kitufe. "Sawa sawa, tunashuka!" Na kweli akaanza kushuka.

Abdiwahab akaushika usukani wake. "Sisi ni nani?"

"Kilo Mike."

"Ameita nani?"

Kasyoka akaipandisha ndege tena taratibu.

Walipotua, Abdiwahab alifunga mlango wa ndege, akaegemea bawa, akatoa hotuba ndefu kuliko zote Kasyoka alizowahi kumsikia akitoa. "Daktari, kurusha unajua. Kusikiliza hujui. Unasikia kile ulichokuwa unangojea kusikia. Yule hakuita sisi. Na ukiitwa, 'sawa sawa' si jibu, mtu wa mnara hajui umeshika nini. Mrudishie maneno yake kama alivyokupa, namba zote, na jina letu. Kama hukusikia, mwambie arudie. Hakuna aliyekufa kwa kuuliza. Na salamu..." Akatafuta neno, akalikosa. "Salamu, hapana."

"Hata ya asubuhi?"

"Hata ya asubuhi."

Kasyoka alirudi nyumbani Migwani mwisho wa wiki akiwa amenuna. Mumewe, Kyule, muuza misumari na mabati, alimsikiliza kisa chote akiwa anakunywa chai, kisha akasema jambo lililowashangaza wote wawili. "Kasyoka, mimi nitakuwa mnara."

Siku hiyohiyo boma likawa anga yenye mwenyewe. Kyule aliweka kiti juu ya kreti mbili za soda karibu na tangi la maji, akavaa miwani ya jua ya harusi ya kaka yake, na kuanzia hapo hakuna aliyeingia jikoni bila ruhusa.

"Mnara, Kilo Mike, niko langoni, nina sufuria mbili, naomba kuingia jikoni."

"Kilo Mike, subiri."

Kasyoka akasimama langoni, sufuria mkononi, jua linawaka. Jirani alipita akasalimia. Kasyoka akauma ulimi, akapunga mkono tu.

"Kilo Mike, ruhusa kuingia jikoni kupitia kushoto kwa tangi, kaa nyuma ya jogoo, ripoti ukifika kwenye kamba ya nguo."

"Naingia jikoni kupitia kushoto kwa tangi, nyuma ya jogoo, nitaripoti kwenye kamba ya nguo. Kilo Mike."

"Jogoo gani?"

"Hukusema."

"Na mbona hukuuliza? Wako wawili. Rudi langoni."

Madaraka yalimlevya Kyule. Kufikia Jumapili alikuwa ameanza kuwapangia foleni hata kuku. Mama yake, Syombua, alipokuja baada ya ibada na kapu la viazi vitamu, alikuta mwanawe juu ya kreti amenyoosha kiganja.

"Mgeni wa langoni, subiri nje, kuna mtu anatoka."

"Kyule?"

"Mgeni wa langoni, zunguka mara moja mkono wa kulia."

"Kyule, mimi ndiye niliyekuzaa katika nyumba hii hii."

"Mwaitu, mama, ingia tu, karibu," Kasyoka akakimbilia lango. Lakini Syombua alikuwa ameshalitua kapu chini na kujishika kiuno. Akataka aelezwe. Alipoelezwa, akafikiri kidogo, akasema kama ni kwa ajili ya mbuzi wasife, basi atazunguka. Akazunguka tangi mara moja, polepole, na kofia yake ya kanisani kichwani, akaripoti amemaliza. Kisha akamwambia mnara ushuke ukamletee maji ya kunywa, na mnara ukashuka mbio.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Walipaa Kyuso jua likiwa limetoka kidogo. Kabla ya kupaa, Kasyoka alikula mkate kwa asali, kwa sababu asali ya kule ukipewa hukatai, akapangusa vidole kwa karatasi, akaona vimetakata.

Njiani Abdiwahab alimwambia sheria: yeye leo ni abiria. Hatasema neno isipokuwa kifo kikikaribia. Kasyoka akaona hiyo si sheria, ni maisha ya kawaida ya Abdiwahab.

Walipokaribia jiji akaita. "Mnara, Kilo Mike, watu wawili, maili kumi na tano mashariki, futi elfu saba na mia tano, naomba kuingia kutua." Basi. Hakuna mvua, hakuna ng'ombe. Moyo wake ulimwuma kama mtu aliyepita nyumba ya shangazi bila kubisha.

"Kilo Mike, subiri."

Akazunguka nje. Akasikia Mike Kilo akiitwa, akafunga mdomo. Akasikia namba iliyomezwa na mlio, akasema, "Rudia tafadhali, Kilo Mike," ikarudiwa. Mwishowe ikaja: "Kilo Mike, ruhusa kuingia, futi elfu saba, ripoti ukiona uwanja."

"Ruhusa kuingia, futi elfu saba, nitaripoti nikiona uwanja, Kilo Mike."

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Kidole kilitoka, kitufe hakikutoka. Asali ya Kyuso ilikuwa imekishika huko ndani. Na redio ya ndege iko hivi: ukiwa umebonyeza, wewe unasikika na wengine wote katika masafa yale wanazibwa, na wewe mwenyewe husikii mtu.

Kasyoka, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya vizuri, akamgeukia Abdiwahab.

"Mwalimu, umeona? Sikumsalimu! Lakini yule kijana wa mnarani, sauti yake ni ya kondoo mwenye mafua. Hakunywa chai. Mtu aliyekula haongei hivyo. Angepewa muthokoi, ule wa mama mkwe wangu, mahindi yamekobolewa kwa kinu, siyo haya ya mashine. Unaloweka usiku kucha. Wengine siku hizi wanaweka kitunguu! Kitunguu kwa muthokoi, Mwalimu! Syombua akikuta kitunguu anamwaga sufuria nzima..."

Abdiwahab alitazama nje. Shavu lake lilikuwa linatetemeka. Kasyoka akadhani ni baridi, akaimba ubeti mmoja wa pambio kumpa moyo, akarudi kwenye muthokoi.

"Leo anga imetulia," akasema baadaye. "Hakuna hata mtu anaongea."

Uwanja ukatokea mbele. Kasyoka akaripoti kwamba anauona. Kimya. Akaripoti tena. Kimya. Njia ya kutua ilikuwa wazi kabisa, nyeupe, inamwita. Kasyoka wa zamani angesema kimya ni kukubali, angeingia akatua na kuuliza habari za watoto. Mkono wake hata ulianza kupunguza moto wa injini. Kisha akaiona, kule juu ya mnara: taa nyekundu imemwelekea yeye.

Akarudisha moto. Nyekundu isiyomemeteka maana yake wapishe wengine, endelea kuzunguka. Akageuza taratibu mkono wa kushoto, akabaki futi elfu saba, macho nje. Na alipokuwa anazunguka akaanza, jambo geni kwake, kunyamaza na kufikiri. Ninayeongea naye hanisikii. Au mimi ndiye nisiyewasikia. Akashusha macho kwenye redio. Pale kwenye kona kulikuwa na kitaa kidogo kinachowaka mtu akibonyeza kitufe. Kilikuwa kinawaka.

"Mungu wangu," akasema, na watu wote wa anga ile wakasikia hilo pia.

Akachomoa kibanio cha nywele, akakipitisha pembeni mwa kitufe, akakizungusha. Tap! Kikaruka juu. Sauti zikamwagika masikioni kama pojo kutoka gunia lililopasuka, na juu ya zote ile ya kondoo mwenye mafua: "...ndege yenye mapishi, ndege yenye mapishi, unanisikia?"

 Maelezo marefu sana yalimjia Kasyoka mpaka kwenye meno, akayarudisha. "Nakusikia. Kitufe kilikwama, sasa kimefunguka. Nazunguka mashariki, futi elfu saba. Kilo Mike."

"Kilo Mike, endelea kuzunguka. Uko wa tano."

Wanne wengine walikuwa wamezuiwa kutua kwa sababu yake, naye akawangoja wote. Rubani mmoja, kabla ya kugusa chini, aliomba ruhusa ya swali fupi: mahindi yanalowekwa usiku kucha au mchana unatosha? Mnara ukamwambia atue.

Baada ya kutua Kasyoka aliitwa mnarani kuandika maelezo. Alipanda zile ngazi, akamkuta kijana mnene, mpole, ameshika kikombe cha chai. Jina lake Nzomo, kwao Kasikeu.

"Kwanza nisamehe," Kasyoka akasema, "kwa makosa, na kwa yale ya kondoo."

"Nina mafua kweli," Nzomo akasema, akapenga kamasi. "Kwa dakika sita sikuweza kumwambia mtu yeyote kitu. Kila nikiongea inatoka wewe. Madam, nimezeeka." Akamsukumia karatasi. Kasyoka akaandika kila kitu, pamoja na asali, akatia sahihi. Kisha, kwa kuwa sasa walikuwa chini ya dari na si angani, wakasalimiana: ya nyumbani, ya mvua, ya wazee, ya Kasikeu na ya Migwani. Ilichukua robo saa, na aliyeingia zamu ilibidi awakoholee.

Abdiwahab alikuwa anangoja kwenye kivuli cha bawa, fomu ya mtihani juu ya goti. Ilikuwa na nafasi kubwa ya maoni, karibu ukurasa mzima. Aliandika maneno matatu: Alikosea. Alitambua. Alirekebisha. Chini yake akaweka alama ya kupita.

"Kwa nini hukuniambia?" Kasyoka akauliza. "Dakika sita!"

"Hatukuwa tunakufa," Abdiwahab akasema. Halafu uso ule mkavu ukapasuka, akacheka mpaka akaketi chini kwenye lami, ameshika mgongo wake mbovu, machozi yanamtoka.

Walipakia masanduku ya chanjo na barafu, wakakifuta kitufe kwa spiriti mara mbili, wakaomba ruhusa ya kuondoka, wakapewa. Walipotoka katika anga ya jiji, Abdiwahab akavua hedifoni zake, akahamia kiti cha nyuma katikati ya masanduku, akafunika uso kwa kofia. Kasyoka alimsikia akikoroma kabla hata ya kuiona Kyuso, mbele kule kwenye vumbi, na mbuzi wamepangwa foleni tangu asubuhi.