Kafi Langu la Kwanza Baraka

Jumamosi, tarehe 9 Juni 1956. Upepo wa kusini tangu alfajiri, ziwa limechafuka, mbingu haina wingu. Ndivyo nilivyoandika katika kaye yangu, daftari la siku zile. Mengine ninaandika kwa kukumbuka, na pengine nakosea.

Siku yangu ya kwanza katika dispansere, yaani zahanati, ya Baraka, miaka miwili kabla ya hapo, infirmie shefu, mkuu wa wauguzi, alinikabidhi meza ya vidonda. Nilikuwa nimeanguka toka juu ya mungazi, ndio mchikichi, nikikata ngazi, mikungu ya mawese, miguu ikafa. Seremala mmoja akanitengenezea kigari cha kukalia, chenye magurudumu ya kinga, ndiyo baisikeli. Kazi ilikuwa kuchemsha sindano, kuosha vidonda vya buba na kuvifunga bende. Shefu alisema ninamaliza bende upesi mno, na alisema kweli.

Lakini wa mezani hakupanda daraja. Waliopanda ni wale wa turne, yaani safari ya kuzungukia vijiji vya Ubwari kudunga watu sindano. Mtumbwi wa turne haukuchukua abiria. Kila mfanyakazi alipiga kafi. Nikaomba. Daktari, Mzungu wa maneno machache, akajibu: "Jumamosi wafanyakazi wanashindana kwa mitumbwi, wawili wawili. Ukifika, utakwenda. Usipofika, usiniombe tena."

Asende, mvuvi aliyeongoza mtumbwi wa dispansere, alikubali kukaa nyuma yangu. Tulipojaribu pale ufukoni, kila nikivuta kafi kiuno kiliteleza, maana mpiga kafi hujikaza kwa miguu. Nikamwomba anifunge kwenye ubao wa kukalia kwa kitenge.

Akaweka kafi lake chini. "Hapana, ndugu yangu. Huku kwetu mutu mwenye kufungwa mu mutumbwi ni maiti tu, ile banapeleka kuzika ng'ambo. Mi siwezi kukupeleka vile."

"Basi nitaanguka."

"Utaanguka. We iko na mikono, utashika mutumbwi. Maiti haishikake kitu."

Wenzetu wakacheka. Mimi nilikasirika, niliona ananinyima kazi kwa ajili ya desturi za wazee. Akaleta mifuko miwili ya mchanga, akanikaza nayo kiunoni, huku na huku.

Mashindano yalipoanza, tulitoka wa mwisho. Ila nikagundua jambo: kwenye kigari, nikisukuma gurudumu la kuume, ninageuka kushoto. Kafi nalo ni vilevile. Mikono ilijua kabla yangu. Tukazunguka mtumbwi wa daktari uliotia nanga kuwa alama ya kugeukia, tukampita karani na mwenzake. Nakiri mtumbwi wao ulikuwa unavuja.

Wakati wa kurudi wimbi likatupiga ubavuni, tukapinduka. Mifuko ikazama peke yake. Mimi nilikuwa chini, giza, mtumbwi juu ya kichwa. Nikapapasa ukingo, nikajivuta kwa mikono hadi nikapata pumzi. Kama ubao ungekuwa umenishika, nisingeandika haya. Asende akaugeuza mtumbwi, akakumba maji, akanipandisha kwa kunivuta mkanda.

Tulifika wenzetu wamekwisha kukausha nguo. Infirmie shefu akasema hilo si kufika. Nami nikamwambia daktari kwamba Asende ndiye aliyevuta zaidi, nilijua ninajiharibia.

"Nimeona," daktari akasema. "Nilisema afike. Sikusema saa ngapi. Jumatatu aende."

Nilifanya turne mpaka nikastaafu, sikufungwa mtumbwini hata siku moja. Vijana wa hospitali huniuliza kama nilikuwa hodari. Sidhani. Wengine walipiga kafi vizuri kuliko mimi, na shefu naye alinipinga kwa kuogopa nisije nikafa mikononi mwake. Hilo nililielewa nikiwa nimezeeka.

Jioni ile Asende alikula kwetu. Mke wangu alipika bukari, ndio ugali, na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese. Mabega yalinikataa kabisa, mkono haukufika sahanini, basi mke wangu akanikatia matonge, na Asende akanichagulia ndagala wakubwa.