Orodha ya Kiswahili Mapokezini

Vumbi linapoungua juu ya plastiki yenye moto hutoa harufu yake, na kila niikutapo hunirudisha mapokezini mwa hoteli moja ya Malindi, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Hapo ndipo alipofanya kazi mama yangu, Bi Zuhura.

Mama alikuwa akipiga taipu tangu sijazaliwa. Kisha mwenye hoteli, Mtaliano mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akaleta kompyuta. Ukiiwasha, kioo cheusi kilitoa orodha ya maandishi ya kijani, yote Kitaliano. Mama alikariri namba tu: moja barua, mbili wageni wa leo, tatu kupiga chapa. Siku moja Mtaliano akaongeza mstari katikati ya orodha, akasafiri kwao. Namba zikasogea. Mama akabonyeza tatu kama kawaida yake, na majina yote ya wageni yakafutika, ikabidi ayaingize upya moja moja kutoka kitabu cha wageni.

Meneja, Bwana Kahindi, hakufoka. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa pale nikisikia.

"Bi Zuhura, mwenyewe anarudi Jumatatu. Akikuta bado inakushinda, atakupeleka kwa madobi. Mimi sitakuwa na la kumwambia."

"Nimesikia, bwana," mama akajibu. Akaketi, mikono mapajani.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mbishi kupindukia. Nilikitoa kitabu cha maelezo ya kompyuta kwenye mtoto wa meza, nikakisoma Kiingereza chake kwa msaada wa kamusi ya shule. Siku ya pili nikang'amua kwamba ile orodha ilikuwa maandishi tu. Mtu aliyaandika, na mwingine angeweza kuyaandika upya. Nikanakili kila mstari daftarini, ndipo nikajaribu. Orodha ikatoweka. Kikabaki kistari kimoja kikiwakawaka.

"Umeiua?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado," nikasema, nikalifungua tena daftari.

Nikaandika, nikakosea, nikaandika tena. Jumamosi alasiri orodha ikarudi, safari hii kwa Kiswahili. Mama akasogeza kiti, akawa ananichagulia maneno kama achaguaye mchele.

"Usiandike 'wanaotarajiwa kuwasili'. Andika 'Wageni wajao'. Na hiyo ya kufuta itie mwisho kabisa, uandike 'Futa, fikiri kwanza'."

Jumatatu Mtaliano akaiwasha mwenyewe. Aliitazama orodha, kisha akatugeukia.

"Nani amegusa hii?"

Nilishafungua kinywa, kifua mbele. Mama akaniwahi.

"Ni mimi."

Mtaliano akamwagiza amtolee majina ya wageni wa wiki ile. Mama akabonyeza bila kusita, na karatasi ikaanza kutoka kwa kelele zake. Mtaliano akaisoma hadi chini.

"Niandikie na Kitaliano pembeni," akasema, akaenda zake.

Njiani kurudi nyumbani sikumsemesha mama. Alininunulia mabuyu, sikuyagusa. Niliona ameniibia kazi yangu mchana kweupe, na kinyongo hicho nilikaa nacho miaka.

Nilipopata binti wangu mwenyewe ndipo nilipoyapanga mambo upya kichwani. Mama alisema "Ni mimi" kabla karatasi haijatoka, kabla yeyote pale hajajua kama yule bwana angefurahi au angemfukuza aliyegusa mashine yake. Saa ile hapakuwa na sifa za kuniibia. Palikuwa na lawama tu, na mama aliziwahi.